Saba ya Papa Bauma

Jamani, aibu hii sijawahi kuisimulia kwa mdomo wangu. Wengine ndio wamenisimulia, kila mtu na chumvi yake, na yuko anayesema kwamba nilikimbia barabarani mpaka nikapoteza viatu (viatu sikupoteza, ni kamba ya kiatu kimoja tu iliyokatika), kwa hiyo leo niacheni niseme mwenyewe halafu mcheke mkishiba. Mkifika Shasha mkasikia mtu anaita "Mwalimu Namba!" na mwanamume mmoja mrefu, mwembamba, akageuka kabla hajajizuia, huyo ni mimi.

Mimi ni mtu wa Walikale. Shasha nilikuja peke yangu baada ya kwetu kutawanyika, nikapata kazi ya kufundisha hesabu sekondari na nyumba ya mbao ya kupanga, huko kati ya barabara na ziwa. Watu wa Shasha si wabaya, msinielewe vibaya. Wananisalimia. "Jambo Mwalimu," "Jambo Mama," basi, kila mtu anashika njia yake. Lakini kusalimiwa na kupigiwa hodi ni vitu viwili tofauti, na mlango wangu ulikuwa haujawahi kupigwa hodi na mtu (mwenye nyumba simhesabu, yule hapigi hodi, anakohoa tu nje mpaka utoke). Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Watu wakitoka misa kila familia inakaa nje, sambaza, vile visamaki vya ziwani, zinakaangwa, watoto wanapigana, wamama wanacheka mpaka unasikia upande wa pili wa njia, na mimi ndani namenya viazi vya mtu mmoja. Upweke unauma, niwaambie wazi. Nilikuwa nimefika mahali pa kuongea na sufuria, na siku nyingine nikawa naikasirikia kwa sababu hainijibu.

Sasa mtu wa hesabu akiwa mpweke ana vitu vyake vya kujiliwaza, na mimi cha kwangu kilikuwa namba moja ndefu niliyoikariri zamani chuoni. Tulikuwa tukishindana kuikariri na rafiki yangu mmoja wa bweni, yeye anasema nusu ya mbele, mimi namalizia nusu ya nyuma, mpaka kila mmoja akaijua yote. Rafiki huyo siku hizi simu yake haipatikani. Namba ndiyo hii, na sijaiangalia popote, naandika kutoka kichwani: 357686312646216567629137.

Msikimbie, nitaieleza haraka. Ina tarakimu ishirini na nne, na haigawanyiki kwa chochote, ila kwa moja na kwa yenyewe. Hilo peke yake si ajabu, namba za aina hiyo hazina mwisho. Ajabu yake ni kwamba ukiondoa tarakimu ya mbele, ile 3, inayobaki nayo haigawanyiki. Ondoa tena ya mbele, vilevile. Endelea kuondoa, mmoja mmoja, wa mbele anatoka na waliobaki wanashikamana, mpaka unafika kwenye 137, halafu 37, halafu 7 peke yake, na saba nayo, jaribuni, haigawanyiki. Na kuna jambo la pili, ambalo ndilo lililonifanya niipende kwa uchungu: huwezi kuirefusha. Weka mbele yake tarakimu yoyote, kuanzia moja mpaka tisa, inaharibika papo hapo, inagawanyika. Kati ya zote zenye tabia hiyo yenyewe ndiyo kubwa kabisa, imefika mwisho. Inaweza kupoteza, lakini kupokea mgeni haiwezi. Kwetu Walikale tulikuwa tunakaa wengi kwenye chakula, na baadaye tukawa tunapungua, na kila nikifikiria jambo hilo namba hii inakuja yenyewe.

Basi Jumapili moja mvua imekatika, mimi nimesimama mlangoni sina la kufanya, mfukoni nina vipande vya chaki vya shuleni. Mlango wangu ni wa mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi, ukiuangalia vizuri ni ubao kabisa. Nikajiambia, hebu nione kama bado naijua yote. Karatasi nilikuwa nazo, jamani! Nilikuwa na karatasi tele. Lakini nikaandika mlangoni, kwa tarakimu kubwa nzuri za darasani, ikaanzia kwenye bawaba na ikamalizikia ukutani karibu na dirisha.

Nilichokuwa sijui (redio yangu haikuwa na betri) ni kwamba wiki hiyo walikuwa wametangaza kwamba watu wa afya watapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya vyandarua vya mbu, mustikere kama wanavyoviita huku. Na kwetu huku kila mtu anajua wanavyofanya: wanauliza humu wanalala wangapi, wanaandika, halafu wanaacha namba ya chaki mlangoni ili wenzao wakipita wajue nyumba hiyo imeisha.

Sijakaa hata robo saa, nasikia hodi. Hodi, kwangu! Alikuwa Mama Kavira, mama wa kutoka upande wa Butembo mwenye kiduka cha sabuni na chumvi ng'ambo ya njia, bado amevaa kitenge chake cha misa.

"Karibu Mama," nikasema, na neno hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwangu muda mrefu bila kazi.

"Mwalimu, weye bamesha kuandika? Bantu ya mustikere bamepita saa ngapi? Miye nilikuwa mu misa!"

"Hapana Mama, hii ni mimi nimeandika. Ni namba ya shule tu."

"Njo ile nasema. Bamekupatia kazi. Bamwalimu njo banapatiaka hiyo kazi." Akaingia, akakaa kwenye kigoda changu pekee, akaangalia ndani. "Nyumba yako iko safi, Mwalimu. Miye nilikuwa nafikiri mwanaume wa peke yake anakaa mu uchafu."

Hapo ndipo ningesema hapana kubwa, hapana ya darasani, na mkasa ungeishia hapo. Lakini alikuwa amekaa! Mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, anasifu nyumba yangu, na mimi nilijua kwamba nikimwambia ukweli kwa nguvu atasimama na kwenda zake. Nikasema tena kwamba namba hiyo haihusu vyandarua, ila nilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa, na yeye hakusikia. Akasema, "Basi niandikie na miye," na nikainuka na chaki yangu nikaenda kumwandikia.

Nimwandikie nini sasa? Nikaondoa 3 ya mbele, nikamwandikia iliyobaki. Ilikuwa inanipendeza mno, nisiwafiche. Jirani yake akatoka na mtoto mgongoni, "Na kwangu?", nikaondoa 5, nikaandika. Wa tatu akanipa hindi la kuchoma. Wa nne akanitolea kiti na akaniuliza kwetu ni wapi, na mama yangu yuko hai? Hakuna aliyewahi kuniuliza hapo Shasha kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia hapana, akasema "Pole sana, Mwalimu," kama mtu anayemaanisha, na mimi macho yakaniuma nikajifanya ni vumbi la chaki. Baada ya hapo mngeniambia niache kuandika ningewashangaa. Nilishuka mtaa mzima mpaka karibu na ziwa nikapanda upande wa pili, kila nyumba namba inapungua tarakimu moja, na kila nyumba wananiita kwa jina la kazi yangu kana kwamba ni jina la ukoo.

Tatizo la kwanza likatoka kwa wenye namba ndefu. Mama Kavira alikuwa ameanza kutamba. "Yangu inatoka ku mulango mpaka ku dirisha," anasema, na wenye namba fupi wanauliza kwa nini wao wamepewa kidogo, kwani ndefu inaleta vyandarua vingi? Mimi nacheka tu. Nikafika nyumba ya mwisho, ile ya juu penye migomba, na mkononi mwangu imebaki tarakimu moja.

Nyumba hiyo ni ya Papa Bauma. Anashona nyavu za wavuvi zikikatika, mke wake alikufa, watoto wako Goma, na ni mtu wa maneno machache tena makali. Wavuvi wenyewe humwekea nyavu mlangoni na kukimbia. Nikaandika 7 katikati ya mlango wake, nzuri, kubwa. Akaiangalia. Akaangalia chini kwenye mtaa, milango yote myeupe kwa chaki.

"Yingine iko wapi?"

"Njo hiyo, Papa. Saba."

"Mama Kavira mulango muzima, miye kamoja? Sababu niko peke yangu?"

Papa Bauma akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki nje naangalia saba yangu karibu igonge pua. Furaha yote ya siku ile ikaniishia pale pale, nikateremka nyumbani na hindi langu nusu.

Siku mbili baadaye niko darasani na sehemu zangu (theluthi, robo, mambo ya kawaida), nasikia kelele uani. Naangalia dirishani, naona vitenge, wamama wa mtaa wangu wote, Mama Kavira mbele, na pembeni yake Papa Nyumbakumi, yule anayesimamia nyumba zetu kwa upande wa serikali, ambaye Jumapili ile alikuwa Mushaki kwenye harusi. Nilitoka na chaki mkononi. Sijui kwa nini sikuiacha.

"Bantu ya mustikere bamepita!" Mama Kavira alikuwa karibu kulia. "Bameona chaki ku milango, bamesema huku kumeisha andikwa, bamepita! Bamepita, Mwalimu! Banaenda!"

"Ni nani alikutuma kuandika nyumba ya bantu?" Papa Nyumbakumi akauliza, taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele.

Hapo ndipo nilipokimbia. Wahesabuji, wale watu wa afya, walikuwa wamefika sokoni kando ya barabara ya Minova, pikipiki zimeshawashwa, na mimi nakuja mbio na kamba ya kiatu imekatika, nyuma yangu mtaa mzima, nyuma ya mtaa wanafunzi wangu ambao hakuna aliyewaruhusu kutoka. Wauza sambaza wakasimama juu ya visanduku ili waone vizuri. Mkubwa wa wahesabuji alikuwa dada mmoja muuguzi, kijana kuliko mimi, amevaa gile ya bluu, kile kizibao cha kazi.

"Dada, ngojeni! Zile namba ni zangu!"

Akazima pikipiki. "Zako namna gani? Zinaonyesha nini?"

Mtu mwenye akili hapo angesema, dada nimekosea, naomba urudi. Mimi nikaeleza. Jamani, mimi nikaeleza! Nilikuwa nimeishiwa pumzi, watu wameniangalia, na nikiogopa mdomo wangu unajua kitu kimoja tu, kufundisha. Nikamwambia ni namba isiyogawanyika, nikaondoa ya mbele, nikaondoa inayofuata, nikachuchumaa nikamwandikia chini kwenye lami 137, 37, 7, nikamwambia tena kwamba kuongeza haiwezekani, ukiweka yoyote mbele inaharibika, ndiyo kubwa ya mwisho, imefika mwisho wake. Nilipoinua kichwa soko lote lilikuwa limenizunguka.

"Inakuliwa?" muuza sambaza mmoja akauliza.

Walicheka, ndugu zangu. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Wanafunzi wangu walicheka. Ningevumilia kicheko, kicheko kinapita, lakini yule dada hakucheka. Aliniangalia akasema polepole, "Mwalimu, hawa batoto bote bangelala na mbu juu ya hiyo namba?" Mtoto wa yule jirani wa Mama Kavira alikuwa ananiangalia kutoka mgongoni kwa mama yake, mguu mmoja unaning'inia. Nilitamani barabara ipasuke.

Akasema atarudi mchana uleule, lakini sharti lake: akikuta chaki ya zamani hata kwenye mlango mmoja, huo anaupita, kwa sababu hawezi kuchanganya kazi yake. Papa Nyumbakumi akanipa beseni na kitambaa. "Weye uliandika, weye utafuta."

Nikaanza na wa Mama Kavira, mtaa mzima unatembea nyuma yangu kama msafara wa mazishi. Alisimama pembeni mikono kifuani. "Futa muzuri, isibakie hata kamoja," akasema, na hakuniita Mwalimu. Mlango wa pili, wa tatu. Yule aliyeniuliza habari za mama yangu alinibadilishia maji. Chaki ikilowa inakuwa uji mweupe, inatiririka mpaka viwikoni, na mimi nafuta ishirini na mbili, ishirini na moja, namba inazidi kufupika, na watu wanazidi kunichoka, wengine wanarudi kwenye shughuli zao. Nilipofika penye migomba nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Papa Bauma alikuwa nje anashona wavu. "Unafuta na yangu?"

"Ndiyo, Papa."

"Juu ya nini ulinipatia hiyo?"

Sikuwa na nguvu za kupamba. Nikamwambia wengine wote wanaondoka mmoja mmoja mbele, na hiyo ndiyo inayobaki. Kwamba haikuwa ndogo kwangu. Kwamba bila hiyo saba ya mwisho namba nzima si kitu. Aliendelea kushona. Nikafuta, na kwa aibu nikakaa pale nyuma ya migomba nakamua kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakauka, nikisikiliza pikipiki zinaingia mtaani, wahesabuji wanaita hodi, watu wanajibu saba, tano, tisa, sisi tuko kumi na moja. Walifika kwa Papa Bauma. "Munalala bangapi?" "Moja," akasema. Wakaandika, wakaondoka.

Niliteremka nyumbani jioni ile, na ndipo nilipoona. Mlango wangu! Nilikuwa nimefuta milango ya watu wote, na wangu, uliokuwa wa kwanza, niliusahau. Namba yote ilikuwa pale, nyeupe, haijaguswa, tarakimu zote ishirini na nne, na wahesabuji walikuwa wamepita kama dada alivyosema. Nikafikiria kukimbia tena mpaka barabarani. Nikafikiria muuza sambaza. Nikaingia ndani.

Siku ya kugawa vyandarua sikwenda. Nilikaa ndani nikisikia watu wanarudi, wanacheka, watoto wamejifunika vichwa wanacheza bibi harusi. Mbu wa ziwani mnawajua. Walikuwa wameshaanza kuimba masikioni kabla jua halijazama, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nastahili kila mmoja wao.

Halafu hodi. Nikajua ni mwenye nyumba, ila hakukuwa na kikohozi. Alikuwa Papa Bauma, chandarua kipya bado kwenye mfuko wake kimebanwa kwapani.

"Nyavu gani hii," akasema bila salamu. "Hata sambaza haipite. Bamesema moja ni ya bantu wawili. Miye niko moja, bamenipatia nzima. Kwako hakuna kamba ya kutundikia, nimeona. Kwangu iko."

"Aksanti, Papa. Lakini mimi mbu hawanisumbui," nikasema, na wakati huohuo nikajipiga kofi shingoni.

Akaangalia mlango wangu. Akapitisha kidole juu ya ile 3 ya kwanza, bila kuigusa. "Hii hukufuta."

"Niliisahau."

"Mu soko ulisema hii, ukiweka mwengine mbele, inaharibika."

"Ndiyo, Papa. Yoyote."

Akanigeukia, kwa uso uleule wa ukali aliokuwa nao siku zote. "Na weye uko namba?"

Akaanza kupanda kuelekea migomba bila kuningoja, na mimi nikachukua blanketi yangu nikamfuata.

Tangu siku hiyo chaki inabaki shuleni, nimeapa, hata kipande kidogo hakitoki na mimi mfukoni, na mlango wa mtu siandiki tena hata akinipikia. Mama Kavira ameanza kunisalimia, bado kwa ubaridi. Na Papa Bauma, niwaambie ukweli, anakoroma vibaya sana.